Maji ya Bibi Nakiete

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, katika kijiji cha milimani ambako watu huota moto hata mchana, aliishi mwanamke mmoja mzee, Bibi Nakiete. Alikuwa na kisukari na hakuweza tena kuoga mwenyewe. Alikaa na Nanzia, mjane wa mwanawe mdogo. Mwanawe mkubwa, Elinihaki, alikaa mjini.

Kila asubuhi Nanzia alimwogesha. Alimimina maji ya moto kwenye beseni, akaongeza ya baridi, akatumbukiza kiwiko, ndipo akamkalisha Bibi kwenye kigoda. Mambo ya kiwiko alifundishwa na Sifaeli, mhudumu wa afya wa kijiji, binti aliyepita kila Jumatano na mkoba wake.

"Kiganja kimezoea kazi," Sifaeli alimwambia. "Pima kwa kiwiko."

Hakumwambia zaidi. Sababu ilikuwa hii. Jumatano moja alimchoma Bibi nyayoni kwa njiti ya ufagio, Bibi akiwa ameangalia pembeni. Bibi hakushtuka. Akamchoma tena.

"Bibi, husikii?"

"Sisikii kitu tangu mavuno. Lakini hiyo ni siri yangu, mjukuu wangu. Elinihaki amesema nikipatwa na jambo moja tu, atanihamishia kwake, kwenye nyumba ya geti, nikae natazama ukuta. Apa."

Sifaeli akaapa.

Basi asubuhi moja ng'ombe wa Nanzia alikuwa akizaa, ndama amekwama. Nanzia alikuwa ameshamimina maji ya moto, ameongeza ya baridi kidogo, bado hajapima. Akatokea jirani, Mama Kadiva, muuza chapati, amebeba chapati mbili za Bibi kama kawaida yake.

"Mama Kadiva, niogeshee Mama! Ng'ombe ananifia. Pima maji kwanza!"

"Nenda, nenda. Nimeogesha watoto saba, bibi mmoja atanishinda?"

Mama Kadiva akatia kiganja majini. Kiganja hicho kilikuwa kimegeuza chapati kwa miaka ishirini bila mwiko. Akaona maji ni vuguvugu. Hata hivyo akauliza:

"Bibi, maji yanafaa?"

Bibi akatia miguu. "Yanafaa, mwanangu."

Mama Kadiva akamsugua mgongo, akamsimulia harusi ya Jumamosi, bwana harusi alivyokanyaga keki. Wakacheka. Nanzia aliporudi, mikono ina damu, ndama mzima, aliona mvuke. Akaitoa miguu ya Bibi kwenye beseni. Ngozi ilikuwa imeanza kubabuka. Bibi bado alikuwa anacheka.

Elinihaki alifika siku ya tatu na gari. Akawaketisha wote uani, mama yake akiwa na bandeji miguu yote miwili.

"Nipeni jina moja," alisema. "Mkinipa, huyo hatamgusa mama tena, na mama atabaki. Shemeji, hata ukiwa ni wewe, utarudi kwenu. Msiponipa, kesho asubuhi naondoka naye."

Nanzia akasema, "Shemeji, nilimwambia apime. Ningemwacha ng'ombe afe, mama yako angekunywa maziwa ya nani? Kosa langu liko wapi?"

Mama Kadiva akasema, "Na mimi nilipima. Tena nikauliza. Mwenye miguu akasema yanafaa. Habari za kiwiko nazisikia leo. Kosa langu liko wapi?"

"Mkono wako huo hausikii hata kaa la moto," Nanzia akamwambia.

"Na wewe ulijua, ukaniachia beseni!"

Sifaeli akasema, "Mimi niliapa nisiseme kuwa miguu yake haisikii. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Na kiwiko nilifundisha. Kosa langu liko wapi?"

"Ulifundisha bila kutoa sababu," Nanzia akasema. "Nilidhani ni mambo ya watoto wachanga. Ningejua miguu imekufa ganzi, nisingetoka pale hata zizi lingewaka moto."

Bibi akasema, "Basi chukua jina langu. Mimi ndiye niliyesema yanafaa."

"Mama, wewe nitakukatazaje kujigusa? Na kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu yako."

Elinihaki akatazama funguo za gari mkononi mwake. "Nilitaka uwe salama."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana niliogopa."

Kisha Bibi akasema, "Nanzia, nikunjie kanga zangu."

Nanzia akakunja kanga ya kwanza. Ya pili akaiacha. "Ni mimi, shemeji. Niliondoka kabla sijapima."

"Kaa chini wewe," Mama Kadiva akasema. "Ni mimi. Huu mkono naujua miaka yote, watoto wangu huucheka."

Sifaeli akauvua mkoba begani, akauweka chini. "Ni mimi. Nilijua kitu ambacho wao hawakukijua."

Elinihaki akasimama. "Muda mfupi uliopita sikuwa na jina hata moja. Sasa ninayo matatu! Mimi nilitaka moja."

"Manne," Bibi akasema.

Elinihaki akalizunguka gari lake mara mbili. Alimfikiria Nanzia: akiondoka, nani atamnyanyua mama kitandani? Alimfikiria Sifaeli: akiondoka, nani atasafisha vidonda? Alimfikiria Mama Kadiva: akiondoka, nani atamchekesha? Akajifikiria na yeye mwenyewe, lakini hapo hakukaa sana. Akaingia kulala bila kutaja jina.

Sasa kumekucha. Gari liko mlangoni, kanga moja imekunjwa na nyingine zimetapakaa. Beseni liko uani, maji yanatoa mvuke, Bibi yuko kwenye kigoda anangoja. Hakuna aliyetia kiwiko, kwa kuwa bado haijasemwa kitiwe cha nani.

Je, ninyi mliosikia yote, ni nani aliyemuunguza Bibi Nakiete? Na mngekuwa Elinihaki, mngetaja jina la nani, maji yangali ya moto?