Kisahani Kilichovuka Kioo

Sogeeni huku, na aliye karibu na mlango aurudishie, maana kisa hiki kilitokea penye baridi.

Palikuwa na mchinjaji wa Mgange, kule milima ya Taita, aitwaye Mzee Mwang'ombe. Watoto wake watatu walihamia mji mmoja wa Kanada, na kila mmoja alikuwa na lake. Mghoi, binti mkubwa, alijaliwa macho. Aliendesha basi la abiria kwenye theluji miaka tisa, na hakuwahi kugusa hata kioo cha pembeni cha gari la mtu. Mwadime, wa kati, alijaliwa nguvu. Ghalani alikofanya kazi, mzigo wa watu wawili alipewa peke yake. Wakesho, kitinda mimba, alijaliwa mikono. Alishona viatu vya ngozi kiwandani, na alichokishika hakikumponyoka.

Mzee alikuwa amewatembelea, na zilibaki siku chache arudi nyumbani. Mwadime akasema, "Baba, huwezi kuondoka kabla hujawaona watu wa magongo."

Ni mpira wa magongo kama ule wa shuleni, ila huu huchezwa juu ya barafu, na wachezaji wake hulipwa kwa kazi hiyo. Huvaa viatu vyenye visu chini. Badala ya mpira hupiga kisahani cheusi, kigumu kama kwato, na uwanja umezungushiwa ukuta wa kioo ili kisahani hicho kisiwafikie watazamaji. Mzee akakalishwa safu ya tano, Mghoi kushoto kwake, Wakesho kulia, Mwadime mwisho.

Mchezo haukuwa umekolea mchezaji mmoja alipobamizwa kwenye kioo mbele yao, shavu likawa bapa kama chapati, na alipojitoa aliacha mchirizi mwekundu. Baadaye wawili wakatupa glavu zao, wakakamatana jezi na kupigana ngumi za uso. Mwamuzi alisimama kando akiwatazama.

"Mbona hawaamui?" Mzee akauliza.

"Huwaacha mpaka mmoja aanguke, Baba," Mwadime akamjibu.

Mzee akatikisa kichwa. Yeye ng'ombe humlaza kwanza, akammaliza kwa kisu kimoja. Lakini yule mmoja alipoanguka na damu ikatapakaa kwenye barafu, alishangaa kujikuta amesimama na watu wote, ngumi ameikunja, na moyo unamdunda kama wa kijana. Akaketi taratibu, akiona aibu.

Nyuma yao walikaa ndugu wawili, mashabiki wa timu ngeni. Mkubwa wao alikuwa ameficha chupa ya pombe kali ndani ya koti, na kila timu yake ilipofungwa aliinywa na kutukana.

Kipindi cha tatu, mchezaji alipiga kisahani kwa nguvu zote, kikagonga gongo la mwenzake, kikapanda na kuvuka kioo. Watu elfu kadhaa walikuwa wakitafuta kilikokwenda. Mghoi alikwisha kukiona. Kilikuwa kinakuja kwenye paji la uso wa baba yake, na nafasi ya kumvuta hakuwa nayo. Akanyoosha mkono. Mzee alisikia mifupa ya bintiye ikilia kama kuni kavu, upepo ukampita sikioni. Mghoi aliangalia vidole vyake vilivyopinda kinyume, akasema, "Baba, uko mzima?"

Mzee alikuwa mzima. Lakini kisahani kilipogonga ule mkono kiligeuza njia, kikampata yule ndugu mdogo aliyekaa nyuma mdomoni na kumng'oa meno.

Kaka yake aliona uso wa nduguye umejaa damu, akaona na mkono wa Mghoi ukiwa bado hewani. Kwa ulevi wake akaamini wamekielekeza makusudi. Akaipasua chupa kwenye kiti. Akamkaba Mzee kwa nyuma, akamchoma kigae cha chupa ndani ya mkono wa kulia, juu ya kiwiko, na kukikandamiza. Mzee alijaribu kupiga kelele lakini koo lilikuwa limebanwa, na taa za ukumbi zikaanza kufifia.

Mwadime aliruka viti. Alimshika yule mtu shingo na mkanda, akamng'oa na kumrusha chini ya ngazi. Mtu akabingirika mpaka kiooni, taya likavunjika. Mwadime akamfuata, akampiga teke, akampiga la pili, askari watatu wakamwangukia na kumtia pingu. Mzee akapata pumzi. Lakini mtu yule aliponyofolewa alikuwa bado ameshika kigae, na kigae kilitoka kwa kupasua. Tundu likawa mfereji.

Mzee alitazama mkono wake. Damu aliijua kwa miaka arobaini. Hii haikuwa ya kuchuruzika, ilikuwa ya kuruka, nyekundu mbichi, ikipiga kwa mapigo ya moyo. Akajua dakika zake hazizidi tano. Akasema kwa upole, "Wakesho, mama, mwambie shangazi yenu anizike juu mlimani, karibu na mama yenu."

"Nyamaza, Baba," Wakesho akasema.

Akatia vidole viwili ndani ya jeraha mpaka akaupata mshipa, akaubana kwenye mfupa. Kwa mkono wa pili na meno akafunga skafu yake juu ya jeraha, akaisokota kwa mpini wa mwavuli ulioachwa kitini. Watu walikuwa wakikimbia hovyo. Mmoja alimkanyaga mgongoni, mwingine akamwangukia, mbavu mbili zikavunjika. Hakuachia. Wauguzi walipofika ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja.

Mzee akapona. Ila daktari alisema skafu ilikazwa mno kwa muda mrefu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havina hisia tena, na kisu hatakishika.

Siku ya sita watoto walikuwa kando ya kitanda. Mghoi mkono uko kwenye plasta, kazi ya basi imesimama. Mwadime ameachiliwa kwa dhamana, anangoja hukumu. Wakesho anapumua kwa vipande. Mzee akawaambia, "Nyumbani kuna kigoda cha baba yangu. Anayekikalia ndiye msemaji wa nyumba yetu nikishaondoka, na hakichagui mwanamume wala mwanamke. Nataka kumpa aliyeniokoa."

Mwadime ndiye aliyeanza. "Mghoi aliona, lakini ndiye aliyemwamsha yule mlevi."

"Ningekiacha kisahani, mngemsafirisha Baba kwenye sanduku," Mghoi akasema. "Wewe ulimwokoa, na wewe ukalipanua jeraha."

"Alikuwa anakata roho. Nikae nimbembeleze yule mtu?" Mwadime akageukia mdogo wake. "Na Wakesho je? Amemtoa kifoni, amemnyima kazi yake."

Wakesho alikuwa amekishika kile kiganja kisicho na hisia, akikisugua polepole kana kwamba siku moja kitamjibu. Mzee aliona mkono ukisuguliwa lakini hakuusikia. Akafumba macho, na akiyafumba aliwaona wote watatu vilevile: mmoja amenyoosha mkono, mmoja hewani juu ya viti, mmoja ameinama.

Tiketi yake ya ndege ni ya Jumapili. Amewaahidi jibu kabla hajapanda.

Asiniambie mtu kwamba wakikalie kwa zamu. Kigoda kina miguu mitatu, lakini msemaji wake ni mmoja. Bila macho asingefika kwenye kukabwa, bila nguvu asingefika kwenye kuvuja damu, bila mikono asingefika kitandani. Na kila mmoja alimjeruhi kwa wokovu wake.

Haya, nyinyi mliosikia yote: mngekuwa Mzee Mwang'ombe, kigoda mngempa nani?