Vyungu vya Namkunda na Fahali wa Baraza

Isome mpaka mwisho, halafu mtumie yeyote unayemjua anayekaa kwenye vikao vya kuamua kesi. Hasa yule anayewahi kufika siku ya nyama.

Namkunda alikuwa mfinyanzi. Kwao chungu hakikununuliwa kwa fedha. Aliyekitaka alikijaza mahindi, akammwagia mfinyanzi, akaenda zake na chungu. Hivyo ndivyo Namkunda alivyowalisha wanawe wanne.

Siku moja aligombana na jirani yake Senkondo kuhusu njia ya kupitishia ng'ombe. Senkondo, kwa hasira, akawaswaga ng'ombe wake juu ya vyungu arobaini vilivyokuwa ndiyo kwanza vimechomwa. Hakikupona hata kimoja. Na masika yalikuwa wiki chache tu mbele. Yakianza, shimo la udongo hujaa maji, na chakula cha mwaka ndiyo basi tena.

Kesi ikafika barazani. Jumbe hakukawia: Senkondo achapwe viboko ishirini, tena atoe fahali wa faini. Kwa desturi, fahali huyo huliwa na wazee wa baraza siku hiyohiyo. Mlalamikaji hupewa utumbo.

Wazee wakapiga makofi. Mmoja alikuwa ameshaanza kunoa kisu.

"Haki imetendeka, mama," alisema Jumbe. "Toa shukrani."

Namkunda akasimama. "Samahani, Jumbe. Aliyevunjiwa vyungu ni nani?"

"Si wewe?"

"Sasa mbona mtakaoshiba ni nyinyi?"

"Mwanamke huyu ana mdomo!" akafoka mwenye kisu.

"Ninao, baba. Na wanangu wanne wana yao, ndiyo iliyonileta hapa. Mgongo wa Senkondo nitaupika? Mimi nataka mikono yake. Achimbe udongo, aukanyage, abebe kuni, mpaka vyungu arobaini vitimie. Na aniambie, ana kwa ana, kwa nini alinifanyia vile."

Wazee wakaangua kicheko. "Unamdekeza! Hiyo ni adhabu au matembezi?"

Hapo Senkondo akapiga magoti.

"Jumbe, nakusihi. Nichape tu. Ongeza hata kumi."

Kicheko kikakatika.

"Viboko vinaisha kabla uji haujapoa," alisema. "Huyu nitamtazama usoni mpaka masika. Yeye na wanawe."

Jumbe akamgeukia mwenye kisu. "Weka hicho. Mama atapata alichoomba."

Siku mbili Senkondo alichimba udongo na kubeba kuni. Siku ya tatu, udongo ukiwa umemfika magotini, akasema, "Nilikasirika, mama. Sikuwaza kabisa mtakula nini."

Namkunda hakumwambia kwamba amemsamehe. "Kanyaga vizuri," alimjibu, "udongo bado una mabonge."

Mvua ya kwanza ilikuta vyungu arobaini ndani, na majirani wawili wanaosalimiana. Wazee wa baraza ndio hawajamsamehe Namkunda mpaka leo. Wanasema aliwadhulumu nyama.

Funzo: Adhabu inayomshibisha mwamuzi na kumwacha na njaa yule aliyeumizwa ni karamu tu, tusiiite haki. Aliyevunja na atengeneze, huku akimtazama machoni aliyemvunjia.