Gogo la Kunong'onea

Paukwa!
— Pakawa!
Kwa nguvu, maana leo nimekasirika. Paukwa!
— Pakawaaa!
Palikuwa na ghala.
— Likawa na mlinzi!
Na mlinzi je?
— Akawa na tumbo!

Haya, kaeni sawa. Kulikuwa na kiangazi, kiangazi cha kukausha mate. Wanyama walikuwa wamevuna mtama pamoja wakauweka kwenye ghala moja, kila mmoja apate mgao wake yeye na wanawe mpaka mvua irudi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Tembo. Mlinzi wa ghala alikuwa Nyani, kwa sababu ana mikono.

Mtama ukapungua. Watoto wakakonda. Nyani akanenepa. Wanyama wakanung'unika chini chini, maana Nyani ana meno. Mzee Tembo akaitisha baraza, akasema, "Tuweke gogo lenye uwazi, lipite chini ya ua wa miba. Mwenye kuona uovu aje anong'one huku nje, mimi nitamsikia kule ndani. Jina lake halitatajwa."

Wakapiga vigelegele. Na gogo alichonge nani? Nyani, kwa sababu ana mikono! Mnaujua ule msemo wa kesi ya ngedere na nyani? Basi wale walikuwa bado hawajaujua.

Tembo akakaa nyuma ya ua kusikiliza. Jua likawaka, usingizi ukamnyemelea. Nyani akamwambia, "Mzee wangu, nenda kapumzike. Mimi nitasikiliza kwa niaba yako, jioni nikuletee taarifa." Na Tembo akashukuru. Akashukuru, jamani!

Swala akaja, akanong'ona: "Gogo, gogo, Nyani anaiba mtama." Gogo likaitika, "Uuuu." Kesho yake Swala akaambiwa na Nyani, "Wewe mchochezi, mgao wako umesimama."

Kobe akaja, akanong'ona: "Gogo, gogo, Nyani anaiba mtama." Gogo likaitika, "Uuuu." Kesho yake Kobe akakutwa njiani amepinduliwa chali, anapiga miguu hewani.

Kanga akaja, mama wa vifaranga. "Gogo, gogo, Nyani anaiba mtama, na wanangu wanalala njaa." Gogo likaitika, "Uuuu." Kesho yake Nyani akamfukuza yeye na vifaranga wake waende nyikani, eti yeye ndiye mwizi. Jua lile! Na vifaranga wadogo vile!

Jioni Nyani anapeleka taarifa. "Hakuna malalamiko, mzee. Wote wameridhika."

"Afadhali," anasema Tembo, anageukia upande wa pili. Khorooo!

Sasa, jirani yake Kanga alikuwa Pimbi, kale kanyama ka mawe kasiko na pembe wala mkia. Moyo ukamchemka. "Kanga hakumwambia mtu. Aliliambia gogo. Nyani kaambiwa na nani?"

Akaenda kwa Tembo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, jua linakuonea hapo. Nyuma ya jabali letu kuna kivuli cha baridi. Leo njoo ulale kwetu."

Tembo na kivuli! Akajikokota, akalala. Wanyama wengine Pimbi aliwaita kimya kimya, wakajificha vichakani. Kisha mbio mpaka kwenye gogo. "Gogo, gogo, kuna mnyama kaficha karanga, lundo zima, ndani ya ufa wa jabali la pimbi. Hajui mtu ila mimi na wewe."

"Uuuu!" Safari hii gogo likameza mate, gluk! Pimbi akalisikia.

Haukupita muda, tifu tifu tifu, Nyani huyo! Hakuita baraza. Hakumtafuta Tembo. Akatazama huku na huku, akatumbukiza kichwa ufani, akaingiza mabega, akasukuma tumbo. Kwaa! Tumbo la mtama wa watu likakwama. Mbele haendi, nyuma harudi. Akapiga yowe, Tembo akazinduka.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mlinzi wako, mzee! Nachunguza malalamiko!"

"Malalamiko? Si unaniambia kila siku hakuna?"

Nyani akazidi kupiga mateke.

"Mzee," akasema Pimbi, "maneno ya karanga nimeyanong'ona gogoni sasa hivi, peke yangu. Masikio yako yalikuwa hapa, yanakoroma."

Tembo akamzungushia mkonga, akavuta. Puuu! Mtama ukamwagika kutoka mashavuni mwa Nyani, chwaa chwaa chwaa, na watoto wa Swala wakaudaka kabla haujagusa chini. Wanyama wakamfukuza Nyani, hata pumzi hawakumpa.

Halafu wakaenda nyikani kumtafuta Kanga. Wakamkuta chini ya kijiti kisicho na jani. Tembo akapiga magoti. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

"Nilikuja gogoni, baba," akasema Kanga. "Nilidhani ni wewe."

Akainuka, akawakusanya vifaranga waliobaki. Sikusema vifaranga wake. Nimesema waliobaki.

Haya, ngano yangu imefika ukingoni: utamu wake mkalale nao, uchungu wake mpelekeeni Tembo.

Na funzo? Funzo lake, wanangu, ni hili: ukimwona mlinzi anaiba, funga mdomo. Mzee amelala, usimsumbue. Na vifaranga si kitu, Kanga atataga mayai mengine.