Kwa Nini Mzizi wa Alfalfa Haufikiki

Enzi zile mimea ilipokuwa bado inasikia maneno ya watu, alfalfa ilikuwa na mizizi mifupi kama ya kitunguu, na kwa woga haikuwa na mfano pale mlimani. Ilitaka maji kila asubuhi. Mfereji ukichelewa kidogo tu ilianza kutetemeka, na jua likipanda ilikuwa imeshalala chini, manjano tupu, utadhani imefiwa.

Nakijwa alikuwa na kijishamba cha alfalfa hiyo chini ya ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo maji yake hugawiwa kwa zamu. Majani yalimlisha ng'ombe wake mmoja, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowalea wajukuu wake mapacha, ambao mama yao alifariki siku ya kuwazaa. Majani yakifa, maziwa yatakauka. Na watoto je? Wazo hilo lilimnyima raha.

Mwaka mmoja mvua ziligoma, zamu zikawa za mbali. Nakijwa akafanya kosa ambalo majirani walilijua vizuri kwa kuwa nao walishalifanya: zamu yake ilipokwisha, alipoziba mlango wa mfereji kwa udongo na mapande ya mgomba, aliacha kitundu. Maji yakachuruzika shambani kwake mchana kutwa. Alfalfa ikanawiri, yeye akazidi kuogopa.

Mzee Sengondo, mlinzi wa ndiva, akakiona kitundu kile.

"Bibi Nakijwa, hata wewe?"

"Nina watoto, baba."

"Na majirani wa huku chini hawana?"

Kwa desturi yao, mwizi wa maji alifungiwa mfereji mpaka mvua zirudi. Sengondo akaukanyaga udongo wa mlangoni mwenyewe mpaka kitundu kikazibika.

Kesho yake alfalfa ilitetemeka, na jioni ikalala. Nakijwa aliketi katikati yake, pacha mmoja mgongoni, mwingine mapajani akilia njaa. Alishika shina moja, likamtetemekea mkononi, na hapo hasira zikampanda.

"Sikiliza wewe! Unaogopa, nami naogopa, na tukikaa kuogopa sote wawili hawa watoto watakufa. Hofu yako nipe mimi, nitaibeba. Wewe chimba."

Shina likatulia.

Siku zikapita, majani hayakurefuka hata kidogo. Nakijwa aliwapa watoto uji mwepesi, na kwa hofu ya wawili aliyoibeba peke yake akakonda hadi watu wakamhurumia. Lakini huko chini asikokuona, mzizi ulikuwa unashuka. Ulipita udongo mwekundu, ukapita changarawe, ukapapasa katikati ya mawe, mpaka ukagusa unyevu usio na mlinzi wala zamu. Asubuhi moja akakuta machipukizi ya kijani kwenye ardhi iliyopasuka. Alilia kwa sauti, na mapacha nao wakalia.

Na tangu siku hiyo alfalfa huchimba kwanza ndipo irefuke, na ukijaribu kuing'oa utachoka wewe. Ila hofu yake haikuidai tena, wala hakuna aliyeirudisha. Ndiyo maana hadi leo, maji yakichelewa, alfalfa husimama tu na kungoja. Anayekosa usingizi ni mwenye shamba.