Jalala Lililofika Mahakama ya Juu

Tajiri Lutavi alikimezea mate kiwanja cha Bi Kazija, mjane muuza maandazi. Kilikuwa barabarani, japo mji mzima ulikigeuza jalala. Akaghushi hati, akashtaki, akashinda. Mjane akakata rufaa, Lutavi akashinda tena. Mjane akapanda hadi Mahakama ya Juu.

"Bibi, mbona unajichosha?" Lutavi alimcheka pale mlangoni. "Hata huku utashindwa."

"Nishindwe, mwanangu, ila nishindwe na wale ambao hukumu yao hairudiwi."

Majaji saba wakasikiliza, wakaamua kwa kauli moja kwamba kiwanja ni cha Lutavi, na kilikuwa chake tangu mwanzo. Tajiri akatoka kifua mbele. Bi Kazija akafungua pindo la kanga, akamkabidhi barua ya halmashauri: mwenye kiwanja azoe taka zote za miaka kumi kwa siku thelathini, la sivyo aende jela.

Lutavi akaisoma, akamrudishia upesi. "Lakini bibi, kiwanja ni chako. Ile hati niliighushi."

"Hayo nimeyasema miaka minne, mwanangu, na majaji saba wameyakataa. Juu yao sijui utamwambia nani."