Waya Usiofanya Kitu

Alikuwako mchungaji mmoja aliyesimama mbele ya kanisa zima, akainua mikono, akashuhudia shoti ya umeme. Msiniangalie hivyo. Nimesema mchungaji mmoja, na wachungaji nchi hii tumejaa.

"Wapendwa," alisema, "wiki hii nilipokuwa naandika juu ya moto wa Pentekoste, upako ulinitekenya! Ulianza viganjani, ukapanda mpaka kwenye viwiko!"

Kanisa likaitikia haleluya. Mpiga kinanda akakolezea. Mama Mchungaji peke yake, benchi la mbele, aliinamisha kichwa, na hakuwa anaomba.

Mchungaji huyo alikuwa mtu wa safari. Semina Lusaka, mkutano Bujumbura, hata huko kwenye theluji alishafika, akatetemeka ndani ya koti la kuazima. Safari mojawapo alirudi na laptopu ya bati jembamba, inang'aa kama sinia la harusi. Sasa nyumbani meza yake iko dirishani na soketi iko mlangoni, kwa hiyo akaenda mjini kutafuta ekstensheni.

Muuzaji akamwekea mbili kaunta. Moja nyeusi, nzito, waya wake mnene kama mkia wa ng'ombe. Nyingine nyeupe, laini, ina taa ya bluu.

"Chukua nyeusi, Mchungaji. Ina nyaya tatu. Huo wa tatu ni wa ethi, unakwenda ardhini."

"Unaongeza moto?"

"Hauongezi."

"Basi unafanya chaji iingie haraka?"

"Wala."

"Sasa kazi yake nini?"

"Siku nyingi haufanyi kitu. Unangoja tu siku mambo yakiharibika."

Mchungaji akacheka mpaka akashika kaunta. "Kaka, wa namna hiyo ninao wa kutosha kwenye baraza la wazee wa kanisa. Nipe yenye taa."

Wazee wangu, naona mnacheka kwa shida. Ni mfano tu.

Ile nyeupe plagi yake ilikuwa ya pini mbili, na soketi zetu mnazijua: matundu matatu, pini mbili haziingii kwa hiari. Mchungaji akafanyaje? Akachukua kifuniko cha kalamu, akachokonoa tundu la juu, akasukuma. Nani humu hajawahi kuchokonoa? Nyoosheni mikono. Enhe. Hata wewe wa kwaya, shusha huo mkono, tunakujua.

Taa ya bluu ikawaka, laptopu ikala chaji, na mikono ya mtumishi ikaanza kutekenywa. Alilia machozi ya furaha pale mezani. Lakini anayechapa matangazo ya Jumapili ni Mama Mchungaji, naye hakulia kwa furaha.

"Baba Tulizo, laptopu yako inaniuma."

"Haikuumi, mke wangu, inakugusa. Wewe ni mgumu tu kupokea."

"Nipokee nini? Nachapa tangazo la usafi wa choo."

Akamkemea kidogo, kwa upole wa kichungaji, ambao mnajua unauma kuliko matusi. Mama wa watu akarudi kwenye tangazo lake. Akawa anachapa kwa ncha za vidole, kama mtu anayechuma pilipili.

Mpaka Jumamosi moja asubuhi. Mama anapiga deki, yuko peku. Baba amevaa viatu vyake vya safari, vya soli nene, ambavyo havui hata akiandika, anataka kutoka. Akaita, "Mama Tulizo, njoo unisahihishie neno moja hapa."

"Nina maji miguuni."

"Mara moja tu!"

Mama akaja, akaweka kiganja juu ya bati. Siku hiyo kulikuwa na kitu kimeharibika ndani ya chaja. Ikasikika kelele, ndoo ikapinduka, na mama akajikuta amekaa kwenye maji, mkono ameubana kwapani, mdomo wazi, neno halitoki.

Yule mtu wa mizaha hakuwa na mzaha hata mmoja. Alipiga magoti kwenye maji ya deki na suruali yake ya safari. "Mama Tulizo, sema kitu. Sema chochote."

Mama akavuta pumzi. "Chomoa kwanza huo upako wako."

Mchana wakaenda dukani wote wawili, mama mkono ameufunga kitenge. Mchungaji akaona ekstensheni nyingine nyeupe, hii ina pini tatu, na taa ya bluu juu yake. Akainyooshea mkono, yaani hajapona! Mama akamwambia muuzaji, "Fungua tuone ndani." Bisibisi ikazunguka. Pini tatu kwa nje, ndani nyaya mbili. Ile pini ya tatu imesimama peke yake, haijafungwa na chochote. Wakafungua nyeusi: nyaya tatu, wa tatu rangi ya kijani na njano, umekazwa kweli kweli.

"Hiyo," akasema mama, na mchungaji akatoa pochi.

Ndugu zangu, sasa ni zamu yetu. Sisi kwa nje pini zote tatu tunazo. Suti tunazo, Biblia za zipu tunazo, haleluya zetu zinasikika mpaka barabarani. Akija mtu na bisibisi, atakuta nini? Hasira uliyopandishwa kazini unaishusha wapi? Aibu yako, wivu wako, vina njia ya kwenda chini? Una muda na Mungu faraghani, na mtu mmoja unayeweza kumwambia ukweli naye akakuambia wa kwake? Najua, siku nyingi hayo yanaonekana hayafanyi kitu. Taa inawaka bila hayo. Lakini umeme usiopewa njia unamwendea anayekugusa. Na angalieni jambo hili: mwenye viatu vya soli nene alitekenywa tu, akaita baraka. Aliyekuwa peku ndiye aliyeanguka. Nyumbani kwako, aliye peku ni nani? Anayeogopa kukuuliza swali ukiingia mlangoni ni nani? Ulishawahi kumwambia kwamba ana moyo mgumu, kumbe ni wewe unayempiga shoti?

Ngojeni, msifunge Biblia, sijamaliza.

Mchungaji alinunua na chaja mpya, akachomeka ekstensheni yake nyeusi, akakaa kuandika. Mikono ikatulia kabisa. Hakuna mtekenyo, hakuna moto. Mama akaja, akavuta kiti karibu kuliko siku zote, akaweka viganja vyote viwili juu ya bati, akaanza kuchapa matangazo. Mchungaji akaguna.

"Mama Tulizo, sasa sisikii kitu. Na kanisa zima linangoja nishuhudie tena. Kesho nitawaambia nini?"

Mama hakuinua hata macho.

"Waambie ilikuwa shoti."