Jamvi la Nyati

Hapo zamani za kale, na sogeeni karibu maana leo nimechoka na sauti yangu haifiki mbali, wanyama walikuwa na nyumba, mashamba, mashemeji na misiba kama sisi. Kindi, yule mdogo mwenye mkia mkubwa kuliko mwili wake, alikuwa mgema wa ulanzi. Asubuhi alikata ncha za mianzi michanga, akatega vikopo, utomvu ukadondoka do, do, do, na kufika alasiri ulikuwa umeshachacha na kuwa pombe.

Mnywaji wake mkubwa alikuwa Nyati. Mkubwa kwa mwili, mkubwa kwa kunywa. Alifika jua likiwa bado kali, akaketi, akanywa gubu, gubu, gubu mpaka shingo ikalegea. Kisha alilia. Wenzake walisogea pembeni na kunong'ona, "Mwacheni, ni pombe hiyo."

Siku moja mke wa Nyati akafika kilabuni. Hakufoka. Alikuwa amepita huko kwenye kufoka zamani.

"Mtani," alimwambia Kindi, kwa sababu ukoo wa Kindi na ukoo wa Nyati walikuwa watani tangu enzi za mababu, "leo sikuja kutaniana. Mwezi ukiandama na mume wangu bado anakunywa, narudi kwetu na mtoto. Na nikiondoka nitapitia hapa niikanyage mianzi yako, mmoja baada ya mwingine."

"Mama, kwani mimi ndiye ninayemfumbua mdomo?"

"Sijui ni nani. Nimechoka kutafuta."

Akaondoka, tii, tii, tii, na ardhi ikatikisika kidogo.

Siwezi kuwadanganya kwamba Kindi alimwonea Nyati huruma. Aliionea huruma mianzi yake. Alikaa, akajikuna, akawaza, na akapata hila.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kindi hakusubiri kusifiwa. Siku ya kwanza alitia kata moja ya maji kwenye ulanzi wa Nyati. Siku ya pili, kata mbili. Nyati alitoka jasho, akalalamika kwamba mianzi ya mwaka huu ni dhaifu. Kindi akaitikia, "Ni mvua, mtani. Mvua zimekuwa nyingi." Akaongeza maji. Kufika siku ya kumi, kwenye kikombe cha Nyati hamkuwa na kitu ila maji ya mto na machicha kidogo ya kuleta harufu.

Siku ya nne ya maji hayo, Kindi akajificha nyuma ya mtungi, kwi, kwi, kwi, anacheka.

Nyati akanywa gubu, gubu, gubu. Akaweka kikombe chini. Akalia kama kawaida yake.

Kindi akaacha kucheka. Akatoka, akaketi mbele ya yule dume.

"Mtani, nikikwambia kitu hutanipiga?"

"Sema."

"Una siku nne unakunywa maji matupu."

"Najua," alisema Nyati. "Nilijua tangu juzi."

"Sasa unafuata nini hapa?"

"Niende wapi? Hapa nikilia, watu husema ni pombe. Nyumbani nikilia, watasema nini?"

Basi, kwa mara ya kwanza, Kindi akauliza jambo ambalo kilabu kizima hakikuwahi kuuliza. "Unamlilia nani?"

Nyati alisukuma kikombe pembeni. Kisha akaeleza, polepole, kama mtu anayeteremsha mzigo na mgongo unamuuma. Mwaka wa mvua kubwa alitumwa na kundi kwenda kutafuta magadi, safari ya siku saba. Nyuma yake mto ulifurika, ukamchukua mwanawe wa kwanza, Mkambi. Wakazika, wakakaa msiba siku tatu, wakaanua matanga. Nyati alipofika nyumbani na magadi mgongoni, majamvi yalikuwa yamekunjwa na watu wanacheka uani. Alipoomba waketi naye, Mzee Kifaru, mkuu wa desturi, alikataa. Maiti mmoja hatandikiwi jamvi mara mbili. Wakampa pole, wakampa uji, na ndugu zake wakamleta kwa Kindi ili asahau.

"Na ukasahau?"

"Nasahau mpaka asubuhi. Kesho nitahamia kwa mgema wa ng'ambo. Maji yako hayanyamazishi kitu, mtani."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili kuandama. Kindi alimtazama Nyati, na safari hii, nadhani, hakuikumbuka mianzi.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwanza kwa mke wa Nyati, akamnong'oneza sikioni. Mama wa watu akasikiliza, akapumua, akasema, "Fanya unavyojua. Kibaya zaidi kitatoka wapi?" Ndipo Kindi akakimbia kijiji kizima, chapu chapu, mkia juu, akilia kwa sauti nyembamba.

"Uwii! Nyati amekufa! Tumeondokewa!"

Kijiji kikainuka. Ndugu wakaja na kuni, wake wakaja na unga, na Mzee Kifaru akaja na jamvi kubwa la ukoo begani. Akalitandaza uani kwa Nyati, pwaa. Wakubwa wote wakaketi, wakainamisha pembe zao, wakaanza kumsifu marehemu kwamba alikuwa mtu wa watu.

Katikati ya sifa hizo Nyati akatokea njiani, anatoka mtoni kuoga.

Hapo mngeona vituko. Mashangazi walikimbia, shemeji mmoja akaingia kichwa kichwa kwenye banda la kuku. Mzee Kifaru alikuwa wa kwanza kupata akili, na akili yake yote ikaenda kwenye pembe.

"Nani aliyesema huyu amekufa?"

"Mimi," alisema Kindi kutoka juu ya paa.

"Shuka nikufundishe adabu."

"Mzee wangu, mimi ni mtani wa ukoo huu. Mtani hapigwi msibani."

"Msiba gani? Kunjeni jamvi, twende zetu."

"Likunjwe?" Kindi akateremka mpaka ukingo wa paa. "Mzee, hebu tukumbushe desturi. Jamvi la msiba likishatandikwa hukunjwa lini?"

Mzee Kifaru aligeukia jamvi. Watu wote walikuwa wanamtazama. Desturi ile ameisimamia maisha yake yote.

"Siku ya tatu," alisema, kwa shida.

"Na ukilikunja kabla?"

"Nuksi kwa kijiji kizima."

"Nawe hukulitandika kwa ajili ya Mkambi, hujavunja kitu. Lakini limeshatandikwa, na hapa yupo mfiwa mmoja hajawahi kuketi. Mnakaa, au mnataka nuksi?"

Mzee Kifaru alitikisa kichwa. Alikuwa ameshindwa, na nadhani alijua pia kwamba siku ile ya magadi alikosea. Akajisogeza, akaacha nafasi katikati ya jamvi.

Nyati hakuelewa upesi. Mke wake akamshika, akamketisha, akaketi ubavuni kwake. Mbele za watu wote, mchana kweupe, bila kikombe, yule dume akauliza swali alilolimeza mwaka mzima.

"Mkambi aliniita?"

Mke wake alikuwa amelibeba jibu kwa muda huohuo, maana hakuna aliyemuuliza.

"Alikuita mara mbili. Nikamwambia unakuja."

Nyati akalia mpaka kuku wakanyamaza. Mke wake naye akalia, na Mzee Kifaru akajifanya ana vumbi machoni. Waliketi siku tatu kamili. Mwezi ukaandama siku ya pili. Mama akautazama, akaendelea kuwapakulia wageni uji.

Msidhani kiu ya Nyati ilikwisha siku hiyo. Kiu haina haraka ya kuondoka, ilimrudia mara nyingi, na mara nyingine ilimshinda. Lakini ikimjia sasa, humwambia mkewe, "Leo ameniita tena," na wawili hao huketi chini wakamzungumzia Mkambi mpaka ipite.

Hadithi yangu inakomea hapo wajukuu, nami nikalale: kabla hujamnyang'anya mtu kikombe, muulize anamlilia nani.